Mashine za mzee zinaonekana kwenye simu lakini hazitoi sauti

Swali: Assalaam aleikum mtaalamu. Niko Makorora, Tanga. Mzee wangu ana miaka 71, na dada yetu aliyeko Uingereza kamletea mashine mbili za masikio, za kuchaji, zenye Bluetooth. Akikaa na mtu mmoja barazani wanaelewana vizuri. Lakini kwenye simu yake ya Tecno zinaonekana zimeunganishwa, na akipigiwa sauti inatoka kwenye simu, si masikioni. Kwenye Samsung yangu zilikubali, ila akitoka nayo uani zinakatakata. Taarifa ya habari bado anataka TV ipandishwe mpaka majirani waisikie. Khutba ya Ijumaa ndiyo kabisa, anarudi anatuuliza imamu kasema nini. Na wiki iliyopita moja ilinyamaza siku mbili, halafu ikarudi yenyewe. Je, tumeletewa mashine mbovu?

Jibu: Waaleikum salaam, na mzee umfikishie shikamoo.

Kwa ulivyoeleza, sidhani kama mashine ni mbovu. Mashine mbovu kwa kawaida haimsikilizishi mtu vizuri barazani halafu ikagoma kwenye simu tu. Umeuliza mambo matano yenye sababu tano tofauti. Sitayafuata kwa mpangilio wako, nitaanza na la khutba, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yanakuwa mepesi.

Ila kuna swali hukuligusa: mashine hizo zilipangwa kwa kipimo cha masikio yake mwenyewe? Hizi si miwani ya kusomea ya kuchagua kwenye meza ya mchuuzi. Mashine ya sikio huunganishwa na kompyuta, ikapangwa sauti nyembamba ziongezwe kiasi gani, nene kiasi gani, na nguvu iishie wapi, yote kwa kufuata grafu ya usikivu wa huyo atakayeivaa, kila sikio kivyake. Kama dada alipeleka majibu ya kipimo cha mzee, sawa. Kama zilikuwa za mtu mwingine, azivue mpaka mtaalamu wa usikivu azipange upya, maana zinaweza kumpa sauti kubwa kuliko sikio lake linavyohitaji na zikaliumiza. Mwulizeni dada na jambo la pili: baadhi ya maduka ya nje hufunga mashine wanazouza, fundi mwingine hawezi kuzifungua kwa kompyuta yake. Ni vizuri kulijua hilo sasa kuliko kuligundua mkiwa mmeshalipa nauli ya kwenda kwa mtaalamu.

Sasa khutba. Sauti hufa njiani. Kila umbali ukizidi mara mbili, sauti hushuka desibeli 6 hivi. Mtu anayeongea kawaida akiwa mita moja kutoka kwako anakufikia na desibeli 60 na ushei. Akiwa mita mbili ni kama 55, mita nne inashuka chini ya 50, mita nane inabaki kama 43. Wakati huo pangaboi linanguruma palepale juu ya kichwa cha mzee, halijasogea. Kuta za vigae nazo zinarudisha mwangwi wa vipaza sauti, neno la kwanza linalikanyaga la pili. Mashine ikikuza, inakuza vyote: imamu, pangaboi, mwangwi, na mtoto anayelia safu ya nyuma. Ukiongeza sauti hapo unaongeza na fujo. Barazani anasikia kwa sababu mko goti kwa goti.

Kazi hasa ya Bluetooth kwenye mashine za masikio ni kuufuta huo umbali. Maiki ndogo ikikaa sentimita 15 kutoka kwenye mdomo wa msemaji, mzee anasikia kama vile sikio lake liko hapo. Kwa hesabu hiyohiyo ya desibeli, kati ya sentimita 15 na mita nane pana tofauti ya 34 hivi, na hakuna mashine inayoweza kukupa faida hiyo kwa kukuza tu, maana inakuza na fujo.

Kwa hiyo kinachomfaa msikitini ni maiki ya kubana ya kampuni ileile iliyotengeneza mashine zake. Nasisitiza ileile. Maiki ya kampuni nyingine, hata iwe nzuri vipi, mara nyingi haitazungumza na mashine hizo, kwa sababu kila kampuni ina njia yake ya kusafirisha sauti kutoka kwenye vifaa vyake. Ni kidubwasha cha ukubwa wa kiberiti au chini ya hapo, chenye kibanio nyuma. Mwombeni imamu mapema, kabla ya Ijumaa yenyewe, mmweleze ni kitu gani ili asidhani anarekodiwa kwa siri. Kama hapendi kubandikwa kitu kwenye kanzu, kibaneni kwenye shingo ya stendi ya maiki ya mimbari, tundu likielekea mdomoni. Kisiwe chini ya joho wala chini ya kilemba. Kitambaa kikisuguana nacho, mzee atasikia mkwaruzo tu khutba nzima.

Njia safi zaidi, kama maiki yenu ina tundu la waya, ni kuchukua sauti kwenye amplifaya ya msikiti. Hapo nawaonya. Nyuma ya amplifaya kuna matundu ya kutolea sauti ya kurekodia, yale ya duara mekundu na meupe, na kuna skrubu za kufungia nyaya za spika. Chukueni kwenye matundu ya kurekodia. Skrubu za spika, hasa kwenye amplifaya za vipaza sauti vya mnarani, zinaweza kubeba volti 70 hadi 100, na maiki itaungua papo hapo. Kama fundi wa msikiti hana uhakika tundu lipi ni lipi, banieni kwenye stendi tu, inatosha.

Maiki hizi kwa kawaida hufika mita 20 hivi penye uwazi. Msikiti ukijaa hapana uwazi tena. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na mawimbi ya Bluetooth ya gigahezi 2.4 hunyonywa na maji. Mzee akae safu ambayo kati yake na mimbari hapana msitu wa watu, na maiki iwe juu kuliko vichwa. Mfundisheni pia kuizima akimaliza. Imamu akiondoka nayo, mzee atasikia mazungumzo yasiyomhusu.

Kuna teknolojia mpya inayoitwa Auracast, ambapo mtambo mmoja unarusha sauti na kila mwenye mashine inayoukubali ananasa bila kuoanisha. Ni jambo zuri kwa misikiti na makanisa. Lakini mashine zenyewe lazima ziwe na mfumo wa LE Audio, aina mpya ya Bluetooth nitakayoigusa hapo chini, na nyingi zilizouzwa kabla ya miaka hii michache hazina, kwa hiyo msinunue mtambo kwa matumaini.

Tuje kwenye Tecno. Watu wengi hudhani Bluetooth ni moja. Kwa mashine za masikio kuna njia tatu za kupeleka sauti, na simu lazima ijue ileile inayojuliwa na mashine.

Ya kwanza ni Bluetooth ya kawaida, ile ya spika na spika za masikioni. Phonak walipotoa mashine zao za Marvel mwaka 2018 walifuata njia hii, ndiyo maana zinaungana na karibu simu yoyote, hata baadhi ya vitochi vyenye Bluetooth. Inakula chaji zaidi, lakini kwa soko letu la simu nafikiri ndiyo isiyo na usumbufu. Ya pili ni zile njia za kampuni za simu: Apple na iPhone zake, ambako mashine za kwanza za namna hiyo zilitoka 2014, na Google na mfumo wake wa ASHA uliotangazwa 2018 na kuanza kutumika kwenye Android 10. Ya tatu ndiyo hiyo LE Audio, iliyotangazwa 2020. Android 13 inaitambua, lakini chipu ya simu nayo lazima iikubali, na hapo ndipo simu nyingi za bei ya kawaida zinapoanguka.

Kilichotokea kwa mzee, ingawa sijaiona simu, inaelekea ni hiki: mashine zake ni za njia ya pili au ya tatu, na Tecno yake haina mlango huo. Neno "imeunganishwa" linalotokea si uongo. Simu imeshika mashine kwa ajili ya amri ndogondogo, kama kupandisha sauti au kuangalia chaji, lakini hakuna bomba la kupitishia mazungumzo. Samsung yako ina hilo bomba.

Ili kuhakikisha, fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ufikivu, yenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Ndani yake tafuta vifaa vya kusikia. Simu inayojua kazi hii kwa kawaida huwa na kipengele hicho na hukuruhusu kuoanisha kutoka hapo. Kama hakipo, msipoteze jioni nzima. Kwenye iPhone, kwa mashine za njia ya pili, kosa la kila siku ni kuoanisha kupitia ukurasa wa Bluetooth. Inatakiwa kupitia hukohuko kwenye ufikivu.

Kabla hamjakimbilia kumnunulia simu mpya, ulizeni kama kampuni ya mashine zake ina kibanio cha kati. Hiki huongea na simu kwa Bluetooth ya kawaida, halafu kinarusha sauti kwenye mashine kwa njia ya kampuni. Kwa baadhi ya kampuni kibanio hicho ndicho kilekile cha maiki niliyoieleza juu. Mkikipata cha aina hiyo, kitu kimoja kitakuwa kimemaliza simu na khutba, na Tecno yake anabaki nayo, namba zake zote na M-Pesa yake pale alipozoea. Ningekuwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa mzee huyu, ningenunua hicho.

Samsung yako nayo inahitaji kufanyiwa usafi, maana inaelekea mliunganisha kwa kubahatisha. Futeni majina ya mashine kwenye simu zote zilizowahi kuzishika, pamoja na ile ya mjukuu na kompyuta ya dada kama aliwahi kuzijaribu. Zima Bluetooth za simu hizo nyingine. Zima mashine, ziwashe upya. Kwa zile za kuchaji, kuzitoa kwenye chaja kunatosha. Kuanzia hapo, kwa mashine nyingi, una dakika 3 hivi ambazo ziko tayari kuoanishwa. Zikipita, anza tena, usibonyezebonyeze. Mashine za njia ya pili na ya tatu huomba ruhusa mara mbili, kulia na kushoto. Ukikubali moja ukaiacha simu mezani, utapata sikio moja, na utadhani la pili limekufa. App ya kampuni iweke mwisho kabisa, baada ya sauti kupita.

Kukatakata uani kunatokana na mwili wake mwenyewe. Simu ikiwa mfuko wa nyuma upande wa kulia na mashine iko sikio la kushoto, mawimbi yanatakiwa yapite kiunoni na mgongoni. Ndani ya nyumba yanadunda kwenye kuta na dari yakafika kwa kuzunguka. Uani hakuna cha kudundia. Simu ikae mfuko wa kifuani, au wa mbele wa kanzu, au mkononi. Umbali wenyewe ni mita 10 hivi, usitegemee zaidi.

Na kwenye maongezi, angalia mashine zake zinachukua sauti yake kwa maiki ipi. Nyingi za zamani kidogo zinamletea sauti ya mpigaji masikioni, lakini yeye anasikika kupitia maiki ya simu. Akiiacha simu mfukoni akaongea, upande wa pili watasema "haloo, haloo" mpaka wakate. Aishike mbele ya kidevu, chini ya simu ikielekea mdomoni.

Jambo dogo linalochosha kuliko unavyofikiri: milio ya simu. Kila ujumbe, kila herufi anayoibonyeza, inafungua njia ya sauti, na mashine inapunguza maiki zake kwa sekunde kadhaa ili kumpisha mlio. Mzee anaongea na wewe, ujumbe wa kampuni ya simu unaingia, wewe unapotea. Atakwambia mashine "zinakunywa maneno". Zima sauti za kubonyeza, zima milio ya ujumbe ya makundi ya WhatsApp, acha wa simu peke yake. Na ukienda kwenye jina la mashine ndani ya mipangilio ya Bluetooth, kwenye simu nyingi utaona swichi mbili, ya simu na ya muziki na video. Kama sauti za WhatsApp zinapita lakini akipigiwa hapiti mtu, au kinyume chake, swichi moja imezimwa.

TV ina mitego yake. Kuunganisha mashine moja kwa moja na Bluetooth ya TV mara nyingi hakuwezekani, na hata pale kunapowezekana sauti huchelewa. Bluetooth ya kawaida inaweza kubaki nyuma kama sehemu ya tano ya sekunde. Msomaji wa habari anafumba mdomo, neno ndiyo linafika. Kinachotumika ni kisanduku cha TV cha kampuni ya mashine, kinachochomekwa nyuma ya TV na kurusha sauti bila kuchelewa kwa kiasi cha kukera.

Kukifunga: angalia nyuma ya TV kama kuna tundu dogo la pembe nne linalotoa mwanga mwekundu. Hilo ndilo bora. Waya wake una vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zote mbili, vya kung'aa, ambavyo huwezi kuviona kama hujui vipo. Vitoe. Visanduku vingi vinavyosemwa "vibovu" vimechomekwa na vifuniko vyake. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, sauti ya kidijitali iwekwe PCM. Ikiwa kwenye Dolby au chaguo la kujiendesha, baadhi ya visanduku hunyamaza kabisa, au husikika chaneli moja ukihamia nyingine kimya. King'amuzi chako kama kinapeleka picha kwa waya wa HDMI, sauti inafika TV kwanza, kwa hiyo kisanduku kichomekwe kwenye TV, si kwenye king'amuzi.

Kama TV haina tundu hilo, tumia yale mekundu na meupe, ilimradi yawe ya kutolea sauti na si ya kuingizia. La mwisho kabisa ni tundu la spika za masikioni, na hilo lina kisa chake: ukichomeka, spika za TV zinazimika, mzee anasikia taarifa ya habari, nyumba nzima mnatazama midomo.

Kikikubali, sauti ya TV itabaki mnapoitaka nyinyi, na yeye anaongeza yake kwa rimoti au kwa app. Akilalamika kuwa sauti ni nyembamba, kama redio ya mkulima, tatizo ni kipira cha mpira kilichoko mwisho wa mashine. Vyenye matundu makubwa huacha sauti nene zivuje nje ya sikio. Kwa maneno si neno, kwa taarabu ni hasara. Mtaalamu anaweza kumbadilishia kipira kilichofunga zaidi, ila hapo sauti yake mwenyewe itamvumia kichwani kama anaongea ndani ya mtungi. Wengine wanazoea kwa wiki mbili, wengine hawazoei. Mwacheni achague.

Mashine iliyonyamaza siku mbili ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Tanga ni mji wa joto, jasho na upepo wa chumvi. Mashine ya kiwango cha IP68 inavumilia maji na vumbi, lakini kiwango hicho hupimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na ikiwa mpya. Jasho linaingia kwenye vitundu vya maiki, au nta inaziba kichujio cha spika, likikauka sauti inarudi, na kila mara linaacha chumvi kidogo nyuma. Kurudi yenyewe si kupona.

Ikitokea tena, fanya kipimo hiki kabla ya kukimbia popote. Cheza kitu kwenye simu kipite kwenye mashine. Sauti ya Bluetooth haipiti kwenye maiki za mashine, inakwenda moja kwa moja kwenye spika ya sikioni. Kwa hiyo kama kisomo kwenye simu kinasikika safi, lakini wewe ukiongea naye hasikii, maiki ndizo zilizoziba: tafuta vitundu viwili vidogo mgongoni mwa mashine, visafishe kwa brashi kavu laini, mashine ikiwa imeinama ili uchafu uanguke nje. Usichome sindano. Kama simu na maongezi vyote vimefifia, shida mara nyingi iko kwenye kichujio cha nta.

Kukibadilisha kunataka mwanga na mkono usiotetemeka; afadhali ufanye wewe. Toa kipira cha mpira. Mwisho wa spika utaona kiduara cheupe, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Vichujio vipya huja na vijiti vyenye ncha mbili: moja tupu, nyingine imeshika kichujio. Ncha tupu isukume katikati ya kichujio cha zamani, vuta bila kuzungusha, kitatoka kimeng'ang'ania. Geuza kijiti, sukuma kipya mpaka kikae sawa na ukingo, kisha toa kijiti. Rudisha kipira mpaka usikie kimebana. Kisipobana kinaweza kubaki ndani ya sikio, na kukitoa ni kazi ya daktari. Alama nyekundu ni ya kulia, ya buluu ni ya kushoto, kwa kampuni zote.

Kukausha ni kila usiku. Futa mashine kwa kitambaa kikavu, zizime, ziweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vidonge vya silika vya kukaushia, saa moja au mbili, ndipo ziende kwenye chaja. Nunua vile vinavyobadilika rangi, vya buluu vinavyogeuka pinki au vya chungwa vinavyogeuka kijani, ujue vimeshiba lini. Vifuko vinavyotoka kwenye viatu vipya mara nyingi vimeshalewa unyevu wa dukani. Mchele hapana, una vumbi na haukaushi vya kutosha. Jua hapana, na jiko hapana. Betri ya lithiamu haitaki joto, hata la kuachwa ndani ya gari lililofungwa barabarani saa saba mchana.

Udhu unahitaji mpango, kwa sababu masikio yanapakwa maji mara tano kwa siku. Avue kabla ya kufika kwenye birika, si akiwa na mikono mibichi. Awe na kikopo chake kidogo mfukoni, asizifunge kwenye leso, maana leso ndiyo inayokunjuliwa zikaanguka kwenye mfereji. Masikio yakauke kabla ya kuzirudisha. Kofia nayo isishuke mpaka kwenye mashine, itamsugulia maiki na kumpigia miluzi. Kwa akina mama ni hivyohivyo na mtandio: ukibana sana sikioni mashine hupiga miluzi, kitambaa laini kisicho na wanga hupunguza mkwaruzo.

Kama mzee bado anaendesha baiskeli, na Tanga nani haendeshi, asisikilize kitu kwa mashine akiwa barabarani. Sauti ya simu ikiingia, mashine hupunguza maiki za nje, na bodaboda anayekuja nyuma anasikika akishafika. App nyingi zina kipimo cha kugawa sauti ya simu na sauti ya nje. Kiwekeni upande wa nje zaidi.

Kuhusu chaji: kwa kawaida saa 3 hadi 4 hujaza, na hutosha siku nzima, ila kusikiliza simu na TV kwa saa nyingi kunaimaliza mapema, kwa hiyo akifunguliwa kisanduku cha TV mchana kutwa msishangae zikilia Magharibi. Umeme ukikatika usiku, chaja nyingi hukubali pawabenki. Tatizo la pawabenki ni kwamba nyingi hujizima zikiona kinachovutwa ni umeme kidogo sana, na mashine hizi huvuta kidogo kweli. Unachomeka saa nne, inajizima saa nne na robo, alfajiri mashine ni tupu. Ijaribu mchana, uiangalie taa baada ya nusu saa. Kama inajizima, chomeka na simu ya mtu kwenye tundu la pili la pawabenki hiyohiyo, haitalala mpaka simu ijae.